Majitaka ya Nairobi Yaenda Wapi, na Ni Nani Aulizaye?



Twajua kuwa wengi wenu mlitarajia maneno juu ya kura, vyama na katiba, kama ilivyo desturi ya mikutano hii. Sisi tumekuja kuzungumza juu ya choo. Msicheke, ndugu zetu, maana kwa njia hiyo hiyo tutafika kwenye katiba.

Sehemu kubwa ya majitaka yanayoingia katika mabomba ya Nairobi huteremka kuelekea mashariki, yakifuata mteremko wa ardhi, hadi Ruai, yaliko mabwawa yajulikanayo kwa jina la Dandora. Ni mwendo wa takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Mtambo mwingine, ulio mkongwe zaidi, uko Kariobangi. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jiji lilipokuwa bado halijatimiza watu nusu milioni. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 4,397,073.

Kazi ifanyikayo Ruai si uchawi, wala haihitaji mashine nyingi. Majitaka huchujwa kwanza ili kuondoa matambara, mifuko na mchanga. Kisha huingia katika bwawa lenye kina kirefu, ambamo vijidudu visivyohitaji hewa hula uchafu na tope hutuama chini. Hutoka hapo kwenda bwawa la pili lililo pana, ambamo mwani hutengeneza hewa kwa nguvu ya jua. Hatimaye hupita katika mabwawa yenye kina kifupi, ambamo mwanga, joto na muda huangamiza viini vya maradhi na mayai ya minyoo hutuama. Kinachohitajika zaidi ni ardhi na subira. Majitaka yakiletwa mengi kupita kiasi, au tope likiachwa lijae bila kuzolewa, maji hupita kwa haraka kabla ya jua kumaliza kazi yake, na kinachomwagwa mtoni ni ugonjwa uliopunguzwa makali tu.

Na mto huo haukomi Ruai. Mto Nairobi huungana na Athi, Athi hupita Ukambani, hugeuka kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limewekwa juu ya maji hayo hayo. Kwa hiyo mama wa Makueni achotaye maji mtoni ana haki ya kuuliza habari za Ruai, ijapokuwa hakupiga kura Nairobi.

Lakini hata mtambo ukitenda kazi yake barabara, hauwezi kusafisha kisichoufikia. Katika Kibera, Mathare na Mukuru, familia nyingi hazina bomba la majitaka. Hutumia vyoo vya shimo vya kulipia; na usiku, mlango ukiwa na hatari nje yake, mfuko wa plastiki huwa ndio choo. Mvua ikinyesha, yote hayo huteremka mtoni. Kipindupindu kilipoingia Nairobi mwaka 2015, na tena mwaka 2017, watu wengine walishangaa. Sisi hatuoni la kushangaza.

Wapo pia wakulima. Huko Kibera na Maili Saba, watafiti wamekuta wakulima wadogo wakiziba mabomba makuu ili majitaka yafurike na kumwagilia mashamba yao ya sukuma wiki. Ni rahisi kuwaita wahalifu. Wao hujibu kwamba maji hayo hayakauki kiangazi, na yana mbolea ya bure. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo mwaka 1989 juu ya majitaka yaliyosafishwa kufaa kwa kilimo: mboga ziliwazo mbichi zitiliwe maji yasiyozidi yai moja la minyoo kwa lita. Mabwawa yaliyotunzwa vizuri yaweza kufikia kiwango hicho. Mkulima anayetoboa bomba la majitaka mabichi anatwambia kwamba hapakuwa na aliyempa njia nyingine.

Sasa tufike kwenye siasa. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na Nairobi ikaendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali hadi uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992. Kwa miaka hiyo yote mkazi hakuwa na diwani wa kumwendea bomba likipasuka mlangoni pake. Waliopigania kurudishwa kwa uchaguzi walipigania hilo pia, hata kama halikuandikwa katika mabango yao.

Hata hivyo, kura peke yake haikutosha. Tarehe 4 Mei 2020, katikati ya mvua, amri ya kutotoka nje usiku na maradhi ya Korona, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu huko Kariobangi, penye ardhi iliyodaiwa kuwa ya mtambo wa majitaka, ilhali mahakama ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha ubomoaji. Tumekwisha kusema kwamba mabwawa yahitaji ardhi, na wanyakuzi wa ardhi ya umma hatuwatetei. Lakini mtu aliyenunua kiwanja kwa hati aliyoiamini hapaswi kulala mvuani, huku aliyeitoa hati hiyo akiwa salama ofisini.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Pande zote mbili za kisa cha Kariobangi zimo katika aya moja ya kifungu hicho, wala hakuna ruhusa ya kuichana katikati.

Huduma za maji na usafi ni wajibu wa kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Twawaomba kila parokia na kila kikundi kiulize mambo mawili: tope la mabwawa lilizolewa lini mara ya mwisho, na maji yatokayo yalipopimwa yalionyesha nini. Kanuni za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita cha hewa ihitajiwayo na uchafu uliosalia majini, basi ombeni tarakimu, msikubali kuambiwa kwamba hali ni nzuri. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa afisa siku 21 za kujibu. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria hiyo yenyewe imesema hivyo.