Visiwa vya Lamu na Siri ya Maji Yake

(Hotuba kwa watu wa Isiolo)



Nimetakiwa niwape habari za visiwa vya Lamu. Gati la kwanza la bandari mpya ya huko lilifunguliwa mwaka 2021, na barabara iliyokusudiwa kutoka bandarini yapitia Garissa hadi hapa Isiolo. Yafaa basi mwajue jirani zenu.

Visiwa vikubwa ni vitatu: Lamu, Manda na Pate. Mji wa Lamu, ambao wenyeji huuita Amu, una nyumba za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, na milango ya nakshi. Njia zake ni nyembamba hata gari halipiti, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi walisifika kwa kazi ya ngozi, jambo litakalompendeza mfugaji.

Lakini ajabu kubwa ni maji. Bahari imekizunguka kisiwa cha Lamu, wala hapana mto. Watu hunywa nini? Jibu limo katika vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inyeshapo, maji huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake. Hayo ndiyo yatokayo visimani. Yakichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, ni shahidi. Mji huo ulihamwa zamani, yapata mwisho wa karne ya 17, na wataalamu wengine hudhani kwamba visima vyake viliingia chumvi. Wenyeji walivuka wakakaa Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa kuomba mvua penye kaburi lake la mnara.

Nanyi mwajua Ewaso Nyiro ikaukapo. Waborana humweka aba herega, msimamizi wa zamu kisimani, ili kila mwenye mifugo anyweshe kwa taratibu. Bandari huleta watu, na watu hunywa maji. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu faida za barabara, Lamu na Isiolo na wahesabu visima vyao kwanza.