GARI JIPYA NA USINGIZI WA JIRANI

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na Mithali 27:14

 

Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ekzosi ya gari, yaani lile bomba la kutolea moshi. Msicheke. Hatukulichagua jambo hili sisi wenyewe; liliingia nyumbani kwetu jioni moja likabisha hodi.

Aliyebisha ni kijana wa parishi yetu, mwimbaji wa kwaya na mweka hazina wa chama cha vijana, ambaye hesabu zake hazijatutia wasiwasi hata siku moja. Baada ya kufanya kazi miaka minane na kuweka akiba, alikuwa anaagiza gari. Si gari la kutoka Japani lililokwisha kuendeshwa miaka saba na mtu tusiyemjua, kama tunavyonunua wengi wetu hapa Kenya. Hili lilikuwa jipya kabisa. Gari la namna hiyo huja na fomu ndefu, na mnunuzi hutia alama mwenyewe: rangi hii, viti vya ngozi, magurudumu makubwa zaidi. Mstari mmoja ulisema ekzosi ya spoti. Bei yake ingelipa karo ya mwaka mzima ya mtoto wa shule ya bweni. Muuzaji alikuwa amempa hadi Ijumaa.

"Kasisi," akatuuliza, "ni dhambi?"

Twakiri kwamba jibu letu lilikuwa tayari mdomoni. Ubatili, tulitaka kusema, na kumtajia Yehu mwana wa Nimshi, ambaye mlinzi alimtambua akiwa bado mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake kama mwenye wazimu. Lakini mama wa nyumba yetu alitutazama, nasi tukamwachia kijana nafasi aseme.

Akasema vizuri. Alitueleza kwamba injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, petroli hulipuka ndani yake mara 6,000 katika dakika hiyo. Milipuko hiyo yote ingetoka nje kama bunduki kama isingekuwa sailensa, chombo chenye vyumba na mabomba ya vitundu, ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kudhoofishana kabla ya moshi kutoka. Ekzosi ya spoti ya kiwandani ina sailensa pia, ila ina vali kama kifuniko. Ikifungwa, moshi huzungushwa njia ndefu na gari huwa tulivu. Dereva akibonyeza kitufe, vali hufunguka, moshi hupita njia ya mkato, na sauti hutoka. Nguvu ya gari huongezeka kidogo tu. Kinachonunuliwa hasa ni sauti.

Hapa yafaa tuongeze neno kuhusu sailensa, maana tulilisoma tukalishangaa. Mwamerika mmoja aliyeitwa Hiram Percy Maxim alipata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, kisha akaitumia elimu hiyo kutuliza injini za petroli. Baba yake ndiye yule Maxim aliyeunda bunduki ya rashasha mwaka 1884, ile ile iliyoletwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki na ambayo wazee wetu hawakuisahau. Baba alikuwa kiziwi kwa sababu ya mizinga na bunduki zake. Mwana akatafuta jinsi ya kunyamazisha.

Turudi kwa kijana wetu. Alituonyesha kwamba hatoki kwa fundi wa kukata sailensa na kuchomelea bomba nene, kama tusikiavyo barabarani kila jioni. Kanuni za Trafiki za Kenya zataka gari liwe na sailensa, na hili lake lingekuwa nayo. Fedha ni zake, za halali, na fungu la kumi ametoa. Kisha akasema neno lililotugusa. "Kasisi, mimi naimba besi. Nikiisikia sauti ile, moyo wangu unafurahi. Mbona Zaburi ya mia na hamsini inaagiza matoazi yavumayo?"

Ndugu zetu, furaha ya kijana si kitu cha kukanyagwa na kasisi kwa sababu tu kasisi mwenyewe haipendi. Kuna wanaotumia fedha nyingi kuliko hizo kwa mambo ya gizani na hawaji kutuuliza. Hatukupata andiko lolote la kumwambia kwamba sauti ya injini ni dhambi, wala hatulitafuti.

Tulimsomea Kumbukumbu la Torati, mlango wa ishirini na mbili, mstari wa nane. Mwisraeli ajengaye nyumba mpya aliamriwa kuuzungushia ukuta sehemu ya juu, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa Agano la Kale alitueleza kwamba nyumba zile zilikuwa na paa tambarare, na watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika kitani, hata kulala. Nyumba ni ya mwenyewe, na juu pia ni pake. Hata hivyo Mungu hamwulizi kwanza kama ameilipia. Amwuliza juu ya mtu mwingine atakayekuwa pale, ambaye hakujenga wala hakushauriwa. Tena amri inasema nyumba mpya, maana wakati wa kuuweka ukuta ni sasa, wakati wa kujenga, kabla hajaanguka mtu.

"Basi vali ndiyo ukuta wangu," kijana akasema upesi. "Nikiingia mtaani kwetu nitaifunga."

Jibu zuri, nasi karibu turidhike. Lakini tunakijua kichochoro anachokaa na mama yake, malango yanatazamana, na tunajua kwamba huondoka saa kumi na moja alfajiri ili auwahi msongamano wa magari. Tukamwuliza: injini ikiwa baridi, ndipo gari linapowashwa tu, inakuwaje? Akanyamaza. Anajua magari kuliko sisi. Injini baridi huzungushwa kwa kasi zaidi kwa muda mfupi, ili kichungi cha kusafisha moshi kipate moto, kwa kuwa kikiwa baridi hakifanyi kazi yake. Na katika baadhi ya magari yenye ekzosi hii vali huwa wazi wakati huo huo, hata kama dereva hajabonyeza kitu. Hizo ni dakika za kwanza za alfajiri, ukutani kwa jirani. Huko Ulaya kelele ya gari jipya hupimwa likipita kwa mwendo wa kilomita kama 50 kwa saa, kipaza sauti kikiwa mita saba na nusu kutoka katikati ya njia. Hakuna apimaye kichochoroni saa kumi na moja.

Hapo tukamfungulia Mithali 27, mstari wa kumi na nne. Mwenye hekima anasema kwamba mtu aamkaye asubuhi na mapema na kumbariki rafiki yake kwa sauti kuu, itahesabiwa kwake kuwa ni laana. Tukafunga Biblia tukiona tumemaliza.

Kijana aliisoma tena polepole. Kisha akasema, kwa adabu, macho yakiwa chini, "Kasisi, hapa hapasemi ekzosi. Panasema kubariki. Na zile spika za kesha?"

Yatupasa kueleza. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi parishi yetu hukesha kwa maombi. Miaka michache iliyopita tulifunga spika mbili kubwa kwenye ukuta wa nje, zikielekea barabarani, ili Neno liwafikie wapitao. Nyumba ya tatu kutoka kanisani anakaa muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye Jumamosi huingia zamu alfajiri. Alituandikia barua. Hakutukana. Alisema tu kwamba baada ya kesha huenda kazini bila kulala, na kwamba anaogopa siku moja atakosea kipimo cha dawa ya mtoto. "Ni mimi niliyeileta barua ile ofisini," kijana akasema.

Tuliikumbuka. Tuliisoma, tukaitia katika faili. Tulikuwa tumejiambia kwamba Halmashauri ya Kanisa itaizungumzia, na Halmashauri ilikuwa na paa la kuezeka. Ilikuwa imekaa miezi kumi na mmoja.

Wapendwa, moyo wetu ulipanda hasira kwanza. Tulitaka kumwambia kwamba Injili si ekzosi, kwamba waliokufa katika dhambi wanahitaji kuamshwa. Lakini mtoto wa wodini akipewa dawa isiyo kipimo, damu yake itakuwa juu ya nyumba gani? Ule mstari tuliokuwa tumemsomea kijana ulikuwa bado wazi mezani. Na sheria ya nchi tuliijua vile vile. Kanuni za Kelele za mwaka 2009 zaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makao ya watu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyumba za ibada zimeandikwa humo kwa jina, kikomo ni kile kile. Kila desibeli kumi zikiongezwa, nguvu ya sauti huwa mara kumi, na sikio huisikia kama imezidi maradufu. Hatuna kipimo kanisani. Ila hatukukihitaji ili kujua.

Tulimwambia kijana ukweli kwamba juu ya jambo hili hatustahili kumhukumu. Tukamwomba afanye jambo moja kabla ya Ijumaa. Aende kwa muuzaji asubuhi mapema, kabla gari la maonyesho halijawashwa, na asikae ndani. Ndani ya gari kila sauti ni tamu. Hata kuna magari, kama BMW M5 iliyotoka mwaka 2011, ambayo humletea dereva sauti ya injini kwa njia ya spika zilizomo ndani. Asimame nje, nyuma, karibu na ukuta, mahali pa jirani. Tena aende na mama yake.

Walikwenda Alhamisi. Alitusimulia kwamba muuzaji aliwasha, na mama, ambaye amewahi kuvumilia mengi kwa ajili ya mwana huyu, alirudi nyuma hatua mbili akashika mkoba wake kifuani. Halafu akacheka. "Mwanangu," akasema, "sasa nitajua saa utokayo, nami na mtaa mzima." Hakumkataza. Ijumaa kijana alitia sahihi fomu na kuuacha mstari ule mtupu.

Tusiwaambie kwamba alijaa furaha. Alitwambia wazi kwamba limemwuma, na kwamba gari la namna ile likipita barabara kuu bado hugeuza kichwa. Hatukumwambia kwamba yatapita, huenda yasipite. Fedha zile hakuzileta kanisani pia, wala hatukumwuliza. Tulisikia baadaye kwamba alipunguza mkopo.

Jumamosi jioni tulikwenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa hadi nyumba ya tatu, na jibu letu tumeliandika kwa mkono. Muuguzi alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi. Tulisema, "Mama, tumekuja kujibu barua yako." Aliisoma akiwa amesimama, tukisubiri kama watoto wa shule.

"Kasisi," akasema, "nilidhani ilipotea."

Ilikuwa rahisi sana kusema kwamba ndiyo, ilipotea. Tulimwambia kwamba haikupotea. Akatutazama kidogo, kisha akatukaribisha ndani, akatupa chai.

Spika mbili za nje zimeshushwa. Zipo stoo, na wazee wawili bado wanatununia, wakisema tumeifunga Injili ndani ya kuta. Tunawaheshimu, na hoja yao tutaisikiliza tena katika Halmashauri, pamoja na ile barua, ambayo safari hii itasomwa kwa sauti mbele ya wote.

Kesha lijalo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, kuanzia saa tatu usiku. Karibuni nyote. Kijana wetu ataongoza nyimbo, na sauti yake ya besi tunaijua. Mtakaokuja kwa gari, tafadhali liegesheni upande wa shule, mkashuke na kutembea hatua zile chache, na milango ya gari mfunge polepole.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi.