Mpiga Piano wa Saa Saba Mchana
Hotuba ya katibu katika jubilii ya miaka 25 ya kwaya



Mwenyekiti aliniomba nieleze historia ya kwaya. Historia hiyo imo katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki, pamoja na picha za sare zetu zote, hata ile ya rangi ya chungwa ambayo hatupendi kukumbushwa. Mimi nimeomba ruhusa niwasimulie habari za mama mmoja wa Uingereza, mpiga piano, kwa sababu habari zake zimeniachia deni ambalo nataka kulilipa leo mbele yenu.

Aliitwa Myra Hess. Alizaliwa London mwaka 1890 katika familia ya Kiyahudi, kitindamimba wa watoto wanne, akaanza piano akiwa na miaka mitano. Alisoma Royal Academy of Music chini ya mwalimu Tobias Matthay. Mwaka 1907, akiwa na miaka 17, alipiga utungo wa nne wa Beethoven wa piano na okestra, Thomas Beecham akiongoza. Mngedhani baada ya hapo njia ilinyooka. Haikunyooka. Kwa miaka mingi alipata riziki yake kwa kufundisha wanafunzi, na sisi walimu tunajua maana yake. Jina lake lilivuma hasa baada ya kupiga New York mwaka 1922.

Hata kama jina hilo ni geni kwenu, kazi yake mmeisikia. Ule muziki mtulivu unaopigwa harusini, Jesu, Joy of Man's Desiring, ulitungwa na Bach, aliyekuwa mwalimu wa muziki wa kanisa kule Leipzig. Aliutunga uimbwe na kwaya pamoja na okestra. Myra ndiye aliyeupanga upigwe na mtu mmoja kwa piano, ukachapishwa mwaka 1926. Siku nyingine usikilizeni vizuri. Kuna sauti ndogo inayokimbia bila kupumzika, na katikati yake kwaya inaingia polepole, inaimba mstari, inanyamaza, inaingia tena. Yote hayo kwa vidole kumi!

Septemba 1939 vita vikaanza. Kumbi za muziki zikafungwa, na usiku London ikawa giza tupu kwa kuogopa ndege za adui. Jumba la picha la taifa, National Gallery, likahamisha picha zake hadi Wales, kuta zikabaki wazi. Myra alikuwa na ziara ya Marekani. Akaifuta. Akamwendea mkurugenzi wa jumba, Kenneth Clark, akamwomba nafasi ya kupigia watu muziki wakati wa chakula cha mchana, labda mara moja kwa wiki. Clark akamuuliza, kwa nini isiwe kila siku?

Tarehe 10 Oktoba 1939, saa saba mchana, Myra mwenyewe akakaa kwenye piano. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Walitarajia watu wachache tu, wakaja karibu elfu moja, wengine wakaketi sakafuni. Kuanzia hapo ikawa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa miaka sita na nusu. Mabomu yalipoanza kuangukia London mwaka 1940, walishuka chumba cha chini wakaendelea. Na tuseme ukweli, walipiga Bach na Beethoven, Wajerumani watupu, huku ndege za Ujerumani ziko juu yao. Maonyesho yalifika 1,698, na wasikilizaji 824,152. Yeye mwenyewe alipiga 150. Alipiga mara ya mwisho hadharani mwaka 1961, ugonjwa ukamsimamisha, akafariki mwaka 1965.

Sasa deni langu. Makanisa yalipofunguliwa mwaka 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, mnakumbuka ibada ilikuwa saa moja, watu wasizidi mia moja. Mazoezi ya kwanza tulifika watu tisa. Besi alikuwa mmoja. Mimi, kwa mkono wangu, niliandika pendekezo kwamba kwaya ipumzike hadi hali itengemae. Kitabu cha kumbukumbu ninacho, na ukurasa upo. Mama mmoja wa sauti ya pili, yuko hapa na amenikataza nisimtaje, akaniuliza, "Katibu, hali ikitengemaa, tutaanza na nani?" Sikuwa na jibu. Tukaimba wimbo mmoja, sisi tisa, chini ya mwembe, maski usoni, kila mtu mbali na mwenzake. Juma lililofuata tulikuwa kumi na mmoja.

Habari za Myra nilizisoma baadaye. Nilipofika pale pa kuta wazi na shilingi moja, nilifunga kitabu kwanza.

Pendekezo lile halikupigiwa kura wala kufutwa. Limekaa kitabuni miaka yote hii. Leo, kwa ruhusa ya mwenyekiti, naliondoa, na mama yule ndiye atakayetia sahihi kama shahidi.

Kijana wetu wa kinanda sasa atatupigia muziki huo wa Bach. Vitufe viwili upande wa besi havilii, lakini amesema ameshapata njia ya kuvizunguka. Karibu, mwanangu.