Mgagani Bustanini: Mboga Yenye Sifa ya Dawa



Leo tutazungumzia mgagani, ambao Wakisii huuita chinsaga na Wajaluo dek. Wengi wetu tuliwakuta wazazi wakiuchuma pembezoni mwa mashamba na karibu na mazizi, bila kuupanda. Siku hizi mbegu zake zinauzwa, na unga wa majani yake umeanza kutiwa katika pakiti zenye ahadi nyingi. Ni wajibu wetu kuwasaidia kutenganisha sifa ya kweli na maneno ya biashara.

Kuutambua mmea

Jani la mgagani limegawanyika mfano wa vidole vya mkono, mara nyingi vitano. Shina ni la kijani au la zambarau, lenye vinyweleo. Maua ni meupe au ya waridi hafifu, na mbegu hukaa ndani ya maganda marefu membamba.

Mgagani hupenda udongo wenye mbolea, na mnanaha nao huupenda udongo huo huo. Mnanaha ni sumu. Jani lake ni pana, halikugawanyika vidole, na kingo zake zina meno. Ua lake ni kama tarumbeta na tunda lake lina miiba. Mtu atulizaye macho hawezi kuichanganya mimea hii, lakini achumaye kwa haraka anaweza kuokota miche yake pamoja na mboga. Aliyekula mnanaha hukaukwa kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio na huweweseka. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya mboga yachukuliwe ili mganga ayaone.

Vilevile, msichume kandokando ya barabara kuu, katika majalala wala katika mabonde yanayopitisha maji taka. Uchafu wa mahali hapo huingia katika jani, na kuosha hakuuondoi wote. Kwa sababu hizi tunawashauri mpande wenyewe, hata kama ni ndani ya kiroba kilichojazwa udongo.

Kupanda

Mbegu zilizovunwa karibuni huota kwa shida. Zihifadhiwe mahali pakavu kwa miezi kadhaa kabla ya kupandwa. Kwa kuwa ni ndogo sana, zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe katika mistari iliyoachana kama sentimita 30, kisha zifunikwe kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita 1. Tandazeni nyasi juu yake, kwani mbegu hizi huota vema gizani, na muziondoe mara miche inapochomoza.

Mahali pawe na jua la kutosha na pasituamishe maji. Tumieni samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huweza kubeba vijidudu vya maradhi. Baada ya wiki nne hadi sita mtaanza kuchuma. Kateni vikonyo vya maua vinapojitokeza ili mmea uendelee kutoa majani. Mkinyunyizia dawa ya wadudu, zihesabuni siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma tena.

Kupika

Uchungu wa mgagani ni wa asili yake. Wengi huchemsha na kumwaga maji ya kwanza, lakini maji hayo huondoka na sehemu kubwa ya vitamini C. Ni afadhali kuuchanganya na mchicha au majani ya kunde, kisha kuupika kwa maji machache na kuutia maziwa au karanga. Mafuta yaliyomo humo husaidia mwili kupokea vitamini A.

Mboga na dawa

Hapa ndipo tunapoomba masikio yenu zaidi. Husemwa kwamba mgagani “huongeza damu”, na kwa hiyo hupewa mama mjamzito na aliyejifungua. Ni kweli kwamba una madini ya chuma. Hata hivyo, chuma cha mimea hupokelewa na mwili kwa kiasi kidogo kuliko kile cha nyama. Kula chungwa au embe pamoja na mlo huo husaidia. Kunywa chai papo hapo huzuia.

Mama aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, kisha akaacha vidonge vyake kwa kuutegemea mgagani, anajiweka katika hatari siku ya kujifungua, kwani mwili wake hauna akiba ya damu ya kupoteza. Ale mboga, na ameze vidonge. Halikadhalika, kula mgagani mezani ni jambo moja, na kunywa maji ya mizizi yake ni jambo jingine. Mjamzito asiyanywe bila kuuliza. Naye atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari kabla ya kuzidisha mboga za majani.

Mnaponunua pakiti

Tazameni jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili pale bidhaa inaponadiwa kuwa dawa. Hapa Tanzania, dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Pakiti inayodai kuponya kisukari, shinikizo la damu na saratani kwa pamoja, irudisheni rafuni. Dai na risiti, kwani bila hiyo malalamiko yenu huwa magumu kuthibitika.

Ndugu watumiaji, mgagani ni mboga njema, nao umelisha nyumba nyingi kabla ya ofisi yetu kuwapo. Tuupande, tuupike, tuwape watoto. Tusiutwike tu mzigo wa hospitali.