Salamu Tuliyochelewa Kuitoa

Wazee wetu wa hekalu, majirani wapendwa, na wageni mliotuheshimu kwa kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa: namaste, na shikamooni nyote mnaostahili.

Tumeombwa tuzungumze juu ya adabu. Sisi ni wenye duka, na elimu yetu iliishia sekondari; tutasema yaliyotupata.

Tulilelewa katika Kigujarati, lugha yenye neno "tu" kwa mtoto au rafiki wa karibu, na "tame" kwa anayeheshimiwa. Mtoto aliyemwambia babu yake "tu" alilala na shavu la moto. Tuliwaamkia wazee kwa kuinama na kusema "page lagu", yaani, naigusa miguu yako. Nao wajuzi wa Kiswahili hutwambia kuwa shikamoo asili yake ni kushika miguu. Kumbe salamu ni moja! Lakini tulipovuka pazia kutoka jikoni kuingia dukani, tuliiacha upande wa pili. Kiswahili chetu cha dukani kilikuwa cha amri: lete, beba, ondoa, wewe.

Yupo mzee aliyeanza kubeba magunia kwa marehemu baba yetu, sisi tungali tunavaa kaptula za shule. Sasa nguvu zimepungua, hutulindia mlango. Tulimwita kwa jina tupu, kama baba alivyomwita.

Siku moja mjukuu wetu, aliyefunzwa shuleni, alisimama mbele yake akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akavua kofia. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, akamwuliza habari za masomo. Nasi tulikuwa kauntani na daftari la madeni. Haya, tuonavyo, hutangulia tendo, aibu hulifuata. Sisi ilitufikia baada ya miaka zaidi ya 50. Wala hakuna aliyetukemea. Laiti tungekemewa, ingekuwa nafuu.

Kesho yake ulimi ulikuwa mzito. Tulipita mlangoni mara mbili, tukijifanya tunakagua kufuli. Mara ya tatu tukaitamka. Mzee alitutazama kitambo, labda akidhani anaachishwa kazi kwa upole. Kisha akaitikia, "Marahaba." Hakuongeza "tajiri", kama alivyozoea.

Leo ameketi safu ya pili, kando ya mjukuu wetu. Chakula kikiletwa, atapakuliwa kabla yetu.