HOTUBA YA MWENYEKITI: MAGHOROFA MAPYA YA DAR ES SALAAM NA SANDUKU LETU



Kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina humu humu kitabuni, naye amezipanga vizuri kuliko tutakavyozisema sisi. Hapa tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo limechukua vikao vitatu bila kwisha. Baadhi ya wanachama wametoa hoja kwamba, kwa kuwa miaka 10 imetimia, tuvunje sanduku, tugawane, na kila mmoja akalipie kianzio cha nyumba katika maghorofa yanayojengwa mjini.

Hoja hii si ya kijinga, na wanaoitoa si watu wa tamaa kama ilivyosemwa kikaoni. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja, kodi tunadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba akiamka vibaya tunaambiwa tutafute pengine. Mtu aliyehama mara nne na watoto na masufuria yake akisikia neno "nyumba yako mwenyewe", lazima moyo umruke.

Na ni kweli nyumba zinajengwa. Tumeona Magomeni Kota. Wale wenzetu wa kaya 644 waliondolewa katika nyumba za zamani, wakahangaika kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi kwamba watajengewa na watakaa miaka mitano bila kulipa kodi, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akayazindua maghorofa yao. Kawe nako Shirika la Nyumba la Taifa limejenga nyumba 560 katika mpango wake wa nyumba 5,000. Serikali ikaongeza na unafuu: mwaka 2023 Bunge lilipitisha msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyumba mpya ya kuishi inayouzwa na kampuni za ujenzi, mradi thamani yake isizidi shilingi milioni 50. Kodi hiyo ni asilimia 18. Kwa nyumba ya milioni 50 ni milioni 9 zinazobaki mfukoni mwa mnunuzi. Si haba hata kidogo.

Sasa tukae chini tuhesabu, maana sisi ni watu wa daftari.

Nyumba ya milioni 50, tuseme kianzio ni asilimia 10 tu. Hiyo ni milioni 5. Hata tukigawana sanduku lote leo hii, hakuna mwanachama hata mmoja anayefikisha hapo. Na tuchukulie amefika. Zimebaki milioni 45. Ukizigawa kwa miaka 20 ni shilingi 187,500 kila mwezi, na hapo bado hatujaweka riba. Mkopo wenyewe benki inataka kuona hati ya mshahara. Mama lishe ana hati ya mshahara? Muuza samaki wa Feri anaamka saa tisa usiku, anaingiza fedha kila siku, anasomesha watoto watatu, lakini kwa karatasi za benki yeye hana kipato. Hilo ndilo linalotuuma. Unafuu umewekwa mlangoni, ila ufunguo wake ni hati ya mshahara.

Kuna na jambo jingine ambalo katika vikao halikusemwa. Angalieni sisi tunaishije. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na ukumbi katikati, uani tunapikia, barazani tunauzia. Mama mwenye nyumba analala chumba kimoja, vinne anapangisha, cha mbele anakifanya genge au saluni. Hiyo nyumba inamlisha. Mpandishe huyo mama ghorofa ya sita. Jiko la mkaa ataliweka wapi? Vitumbua atamuuzia nani kwenye ngazi? Halafu kila mwezi kuna mchango wa mlinzi, wa pampu ya maji, wa lifti, wa usafi. Nyumba imekuwa mdomo mwingine wa kulisha. Kwa mtumishi anayetoka asubuhi kwenda ofisini, ghorofa ni raha tupu na hatumwonei wivu. Kwetu sisi ni lazima mtu ajiulize biashara yake itabaki wapi, kabla hajauliza choo kina marumaru au hakina.

Jiji hili limeona haya zamani. Miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Nendeni leo mkaangalie nani anakaa Mikocheni. Wengi waliuza walipobanwa na shida ya ugonjwa au ada, na mwenye fedha hakukosa kuwepo karibu.

Sasa tusemeni la saruji. Mwaka huo huo wa 2023, Bunge hilo hilo liliposamehe kodi ya nyumba mpya za kampuni, liliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ukabeba shilingi 1,000 zaidi. Na Kodi ya Ongezeko la Thamani iko ndani ya bei ya mfuko huo, ya bati na ya nondo. Yaani anayenunua nyumba iliyokwisha alipewa punguzo, na sisi tunaojenga chumba leo, msingi wa pili mwakani, bati tukijaliwa, tukaongezewa. Mji huu umejengwa na watu wa namna hii, tofali kwa tofali. Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba hili ulifikishe panapohusika. Hatuombi bure. Tunaomba anayejenga mwenyewe nyumba ya kuishi, ya kwanza, naye afikiriwe.

Akina mama, kuhusu majina. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuiuza ni sawasawa na ya mwanamume. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Lakini sheria iko kabatini, na mauziano yanaandikwa barazani. Mwenzetu mmoja alitoa mikopo mitatu ya kikundi hiki, ikanunua kiwanja na tofali zote. Karatasi ikaandikwa jina la mume peke yake. Mume alipofariki, Mungu amrehemu, shemeji walikuja na mashahidi wao na yeye hakuwa na karatasi. Kilichomwokoa ni daftari letu, lililoonyesha tarehe na kiasi cha kila mkopo na kazi yake. Baraza la usuluhishi lililisoma ukurasa kwa ukurasa. Leo anakaa humo na wanawe.

Kwa hiyo maoni ya kamati ni haya. Sanduku lisivunjwe. Tuanzishe mfuko wa ujenzi wa pembeni, kwa hiari, wenye daftari lake, na mkopo wake ulipwe kwa muda mrefu kuliko ule wa biashara. Anayetaka ghorofa aweke kianzio humo, na kikundi kitamwandikia barua benki kueleza alivyoweka na kurejesha kwa miaka yote hii. Tumeanza mazungumzo na taasisi mbili za fedha kuhusu barua hiyo. Moja imekataa, nyingine imetaka kuona vitabu vya miaka mitatu, na tumevipeleka. Anayetaka kiwanja asilipe dalali hata shilingi kabla kamati haijaenda naye serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi. Na mkopo wowote wa mfuko huu utatolewa kwa sharti moja: jina la mwanachama liwe kwenye karatasi, peke yake au pamoja na la mwenzake.

Kura itapigwa kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, kwa siri. Wenye leseni ya makazi au karatasi yoyote ya kiwanja waje nayo, katibu ataandika namba zake. Wanaopinga maoni ya kamati waje pia, na watapewa nafasi ya kusema kwanza.

Chakula kiko tayari.