Sista Anapojipima Ualimu

Muuguzi wa wodi akiulizwa kama anajua kufundisha, mara nyingi atataja kazi ya mikono: alivyomwelekeza mwanafunzi kutafuta mshipa, kusafisha kidonda, kujaza chati. Ni nadra kutaja siku aliyomwambia mwanafunzi kwamba bado hajaiva. Mhadhara huu unashikilia kwamba ualimu wa muuguzi hupimwa hasa hapo.

Tatizo ni la zamani. Shule ya Florence Nightingale ilipofunguliwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas', London, masista wa wodi waliongezewa malipo ili wawafundishe wanafunzi. Kila mwanafunzi aliwekewa karatasi ya kumbukumbu: uaminifu, utulivu, kuwahi kazini, ufungaji wa vidonda. Karatasi zilijazwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1870 Nightingale aligundua kuwa mafunzo yenyewe yalikuwa hafifu. Karatasi ile ilimpima mwanafunzi, haikumpima sista.

Mwaka 2003 Kathleen Duffy, wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian huko Scotland, alitoa ripoti iliyowatikisa wauguzi wa Uingereza. Aliwahoji wahadhiri pamoja na walezi wa wanafunzi wodini, na ikadhihirika kwamba baadhi ya walezi walikuwa wakiwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka. Kasoro zilisemwa mafunzo yakiwa ukingoni, wakati mwanafunzi hana tena nafasi ya kujirekebisha. Kasoro za tabia zilikuwa ngumu kuthibitisha kuliko za mikono. Na nani anataka kumkatia mwenzake riziki akiwa amebakiza miezi michache? Walezi hao hawakuwa wavivu wala wabaya. Pengine wangejipa alama nzuri, na kwa upole wao wangezistahili.

Huruma siyo kikwazo pekee. Muuguzi mwanafunzi wa Uingereza hufanya saa 2,300 za vitendo, na kanuni za mwaka 2008 zilitaka mlezi amsimamie angalau asilimia 40 ya muda wake wodini. Mlezi wa kusaini hatua ya mwisho alitengewa kama saa moja kwa wiki. Aliyewahi kushika zamu wodi imefurika anajua saa hiyo huishia wapi. Mwaka 2018 Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza likatenganisha kazi ya kumsimamia mwanafunzi na kazi ya kumpima.

Finland ilisogea upande mwingine. Mikko Saarikoski na Helena Leino-Kilpi wa Turku walichapisha mwaka 2002 kipimo kinachomuuliza mwanafunzi mwenyewe: mazingira ya wodini yakoje, kiongozi wa wodi anaongozaje, msimamizi wake anamjali kiasi gani? Majibu hayo yakiwekwa kando ya fomu aliyoijaza muuguzi kujipima ualimu wake, pengo huonekana bila kugombana.

Katika hospitali kubwa za Tanzania, ambako wanafunzi wa vyuo mbalimbali huweza kukutana katika wodi moja, fomu yenye kuuliza "Je, unafundisha vizuri?" haimsaidii mtu. Iulize mambo yenye tarehe: mwanafunzi aliambiwa kasoro yake wiki ya ngapi, nani alikuwapo, alipewa zamu ngapi za kujirekebisha, na kitabu chake cha mafunzo ya vitendo kilisainiwa na aliyemwona akifanya kazi au na aliyekuwa karibu na kalamu. Ijazwe mafunzo yakiwa katikati, mkufunzi wa chuo akiwa bado anafika wodini.